Rais wetu analala wapi, na atatoka lini?

Leo hapa Nyarugusu tunaongea habari za nyumba.

Wiki hizi picha za Gbadolite zimerudi tena kwenye simu zetu. Nguzo zimebaki zimesimama, bwawa la kuogelea halina maji, majani yameota mpaka sebuleni. Na chini ya picha ni maneno yaleyale: angalau Mobutu alijenga, hawa wa sasa wamejenga nini? Mwingine anajibu kwamba Félix ameleta shule ya bure. Wa tatu anauliza, shule gani wakati Goma na Bukavu zimechukuliwa? Wanabishana mpaka bando linaisha.

Wengi wetu tumezaliwa baada ya Mobutu kuondoka. Tunamkuta tu midomoni mwa wazee na kwenye hizo picha. Labda ndiyo maana tunampenda bure. Lakini kabla hujaiweka hiyo picha kwenye status yako, tukumbushane ile nyumba ilikuwa nini.

Gbadolite kilikuwa kijiji kidogo porini, kaskazini kabisa, karibu na mto Ubangi, ng'ambo yake ni Jamhuri ya Afrika ya Kati. Mobutu alipahesabu ndiyo kwao. Akajenga ikulu tatu: moja mjini, moja pale Kawele, na nyingine ya mtindo wa Kichina. Akajenga kiwanja cha ndege ambacho njia yake ilitosha Concorde, ile ndege iliyokuwa inakimbia kuliko sauti, na kweli alikuwa anaikodi. Umeme ulitoka kwenye bwawa la Mobayi-Mbongo. Mwaka 1989 José Eduardo dos Santos na Jonas Savimbi walipeana mkono hapohapo kuhusu vita vya Angola, yeye akiwa katikati. Kwa hiyo alijenga. Hatubishi.

Ila alimjengea nani? Mwishoni mwa 1992 serikali yake ilitoa noti ya zaire milioni 5. Muulize mzee yeyote wa zoni yako, atakuambia. Wafanyabiashara waliikataa, na wanajeshi waliolipwa kwa noti hiyo wakaingia mitaani Kinshasa kupora, Januari 1993. Nchi ambayo askari wake analipwa karatasi isiyonunua unga, ndiyo hiyohiyo iliyokuwa na kiwanja cha Concorde porini.

Oktoba 1996 vita vikawaka Kivu Kusini. Baba na mama zetu wakapanda mitumbwi, wakavuka Tanganyika, na mwaka huohuo kambi hii ikafunguliwa. Miezi michache baadaye, Mei 1997, Mobutu naye akakimbia: Kinshasa mpaka Gbadolite, Gbadolite mpaka Togo, mwisho Moroko. Alifia Rabat tarehe 7 Septemba 1997. Ndege iliyomtoa Gbadolite ilipigwa risasi na askari wake mwenyewe, na zile ikulu zikaporwa mpaka milango. Yaani yeye na wazazi wetu walikuwa wakimbizi wa msimu mmoja, ila yeye hakupanga foleni ya turubai.

Kuna nyumba nyingine ya Mobutu ambayo haipigwi picha sana. Alikuwa nayo Savigny, Uswisi. Baada ya kuanguka kwake, Uswisi ilizuia mali zake, nyumba ikauzwa, pesa zikawekwa zikisubiri serikali ya Kongo izidai kisheria. Zilisubiri karibu miaka 12. Kinshasa haikufuatilia ipasavyo, na mwaka 2009 faranga za Uswisi karibu milioni 7.7 zikarudishwa kwa warithi wa Mobutu. Wakati huo mtoto wake, Nzanga Mobutu, alikuwa naibu waziri mkuu katika serikali ya Joseph Kabila. Wasomaji wetu, rudieni kusoma hapo. Leta yetu, kama wazee wanavyoiita serikali, ilishindwa hata kusema "hii ni yetu".

Sisi tunaona ugonjwa wetu uko hapo, kuliko kwenye marumaru. Kongo haijawahi kukubaliana kwamba nyumba ya rais ni ya kazi, na kwamba mwenye kazi akimaliza anakabidhi funguo. Mobutu alijenga nyumba yake kwa pesa ya leta, na leta ikakubali kuwa ni yake.

Hebu tuhesabu walivyotoka. Kasa-Vubu alipinduliwa Novemba 1965. Mobutu alikimbia. Mzee Laurent-Désiré Kabila alipigwa risasi ndani ya ikulu yenyewe, Palais de Marbre, tarehe 16 Januari 2001. Joseph Kabila ndiye wa kwanza kukabidhi madaraka kwa amani, Januari 2019, pamoja na yote yaliyosemwa kuhusu ule uchaguzi. Katiba inamfanya rais mstaafu kuwa seneta maisha yake yote. Lakini Mei 2025 Seneti ikamwondolea kinga, na Septemba mwaka huohuo mahakama ya kijeshi ikamhukumu kifo kwa uhaini, akiwa hayupo. Hatumtetei. Kama ana makosa ayajibu. Tunachosema ni kwamba tangu Mobutu hakuna aliyetoka ikulu akazeekea nyumbani Kongo kama mtu. Sasa wewe uwe rais wa nchi kama hiyo, utaharakisha kutoka?

Ndiyo maana hatukushangaa Oktoba 2024, pale Kisangani, Rais Tshisekedi aliposema ataunda tume ya kuandaa katiba mpya. Katiba ya 2006, kifungu cha 220, inakataza kugusa idadi na urefu wa mihula ya rais. Anayempima kwa kazi yake aiweke na hiyo kwenye mizani.

Na kazi yake tuipime kwa haki basi, maana kwenye mabishano yetu kila mtu ana nusu ya habari. Shule ya msingi ya bure ilianza Septemba 2019. Ilikuwa imeandikwa kwenye katiba miaka 13 na hakuna aliyethubutu. Ndugu zetu waliobaki Fizi wanasema watoto waliokuwa wanafukuzwa kwa ajili ya pesa ya mwalimu walirudi darasani. Madarasa yakajaa kupita kiasi, walimu wengine wakakaa bila mshahara, hayo nayo ni kweli. Lakini mtoto aliyesoma miaka miwili hawezi kunyang'anywa ile miaka miwili. Hilo tunampa.

Halafu kuna usalama. Ituri na Kivu Kaskazini ziko chini ya utawala wa kijeshi tangu Mei 2021, eti hali itulie. Januari 2025 Goma ikaanguka mikononi mwa M23, Februari ikafuata Bukavu. Jirani anayewasaidia M23 ana lawama yake na Umoja wa Mataifa umeiandika mara nyingi. Lakini rais ndiye amiri jeshi. Huwezi kuweka kwenye hesabu yako shule tu, ukaacha miji miwili.

Na kuna zile nyumba nyingine, ambazo kwetu zinauma kuliko Gbadolite. Mwaka 2019, kwenye mpango wa siku 100 za mwanzo, zilipangwa nyumba za kuunganishwa kwa ajili ya polisi na wanajeshi, hao wanaolala na familia kwenye makambi yaliyochoka. Karibu dola milioni 50 zikasemekana zimepotea. Juni 2020 mkuu wa ofisi ya rais, Vital Kamerhe, akahukumiwa miaka 20, kesi ikionyeshwa kwenye televisheni. Mwaka 2022 mahakama ya rufaa ikamwachia huru, na 2024 akawa spika wa Bunge. Mahakama imesema hana hatia, basi hana hatia. Lakini pesa na nyumba havikuachiwa huru na mtu. Ziko wapi? Hatujasikia mtu akipiga picha za hizo nyumba na kuziweka kwenye status.

Hata hapa kambini tunapima viongozi kwa paa. Mtu akichaguliwa leo kiongozi, kesho macho yote yako juu ya nyumba yake kuona kama turubai limebadilika. Watu wanacheka, lakini ni udhibiti huo. Kiongozi anajua kwamba anaonekana. Gbadolite ilijengwa zaidi ya kilomita elfu moja kutoka Kinshasa, mahali ambapo hakuna jirani wa kuangalia paa.

Ndugu zetu Warundi tunaoishi nao hapa tangu 2015 msicheke sana. Ikulu yenu mpya nje ya Bujumbura ilijengwa kwa msaada wa China ikakabidhiwa 2019, mwaka uleule makao makuu ya siasa yalihamia Gitega. Januari 2020 Bunge lenu likapitisha sheria ya kumpa Rais Nkurunziza, akistaafu, nyumba ya kifahari na faranga za Burundi karibu bilioni moja. Alifariki Juni 2020, kabla ya kukabidhi. Rafiki yetu mmoja Mrundi alituambia kwao watu walinong'ona kwamba bora apewe hiyo nyumba kuliko abaki kwenye ile nyingine. Tulicheka, kisha tukaona ana akili. Kama nyumba ya kustaafu inamfanya mtu atoke kwa amani, pengine ni bei nafuu kuliko vita. Sisi tungeikubali kwa masharti mawili: iandikwe kwenye sheria kwa kila rais atakayekuja, siyo kwa jina la mtu, na bei yake ijulikane.

Siasa za wenyeji wetu hapa Tanzania si kazi yetu. Tunataja tu kile ambacho kila mtu anakijua. Nyerere alitoka Ikulu 1985, Mwinyi 1995, Mkapa 2005, Kikwete 2015. Kila mmoja akaenda zake nyumbani, na akaonekana kwenye harusi na misiba ya watu. Ikulu ya Chamwino ilipozinduliwa 2023, hakuna aliyeuliza kama ni nyumba ya mama Samia.

Tunajua kuna watakaosema mkimbizi asiongee haya. Tumeambiwa hivyo mara nyingi, mara nyingine kwa upole na watu wanaotutakia mema. Mkataba wa OAU wa 1969 kuhusu wakimbizi unatukataza, kifungu cha 3, kufanya uchochezi dhidi ya nchi yoyote mwanachama. Tunauheshimu. Kuuliza nyumba za polisi ziko wapi siyo uchochezi. Na mkataba huohuo, kifungu cha 5, unasema kurudi nyumbani kuwe kwa hiari. Sasa mtu ataamua vipi kwa hiari yake kurudi chini ya serikali ambayo haruhusiwi hata kuwa na maoni juu yake? Wafanyakazi wa mashirika, tunawaomba mlifikirie hili siku mnayotuita kwenye mkutano wa kurudi. Yule mama anayeuliza kama barabara ya Baraka ina usalama anampima rais, hata kama hamtaji.

Kwenye uchaguzi wa Desemba 2023, Wakongo walioko nje walipiga kura katika nchi tano tu: Ubelgiji, Ufaransa, Marekani, Kanada na Afrika Kusini. Tanzania haikuwemo. Uganda haikuwemo, na huko ndiko kuna Wakongo wakimbizi wengi kuliko nchi nyingine yoyote. Aliyeko Brussels alimpima rais kwa karatasi, sisi tuliovuka ziwa tukabaki na picha za Gbadolite.

Uchaguzi unaofuata unatakiwa kuwa Desemba 2028. Tunataka kuandika barua kwa tume ya uchaguzi, CENI, kupitia njia zinazokubalika hapa kambini, kuuliza orodha ya nchi inatengenezwaje na kwa nini majirani hatumo. Anayejua kuandika Kifaransa cha ofisini atuone Jumamosi baada ya mgao. Na aje na kalamu yake, zetu zimeisha wino.