Msituletee mtoto kwa kuwa kafeli

Matokeo ya kidato cha nne yakishatoka, wazazi huanza kupita gerejini kwetu hapa Ilula, Iringa. "Fundi, huyu shule imemshinda, mshikishe spana." Mtoto kasimama pembeni, kainamisha kichwa kama aliyeletwa kutumikia kifungo. Mimi huuliza: hesabu alipata nini? Mzazi hunishangaa. Angekuwa na hesabu si angekwenda kidato cha tano!

Hapo ndipo tunapopishana. Injini ya dizeli haina plagi ya cheche. Hewa hubanwa ndani ya silinda hadi ipate moto wa nyuzi 500 na zaidi, nozeli ikirusha mafuta yanawaka yenyewe. Hiyo ni fizikia ya darasani. Asiyeielewa atakuwa anabadilisha spea kwa kubahatisha, na anayelipia kubahatisha huko ni mwenye gari.

Malori ya Zambia na Kongo yanapanda Kitonga na mzigo, na mlima ule haufichi ugonjwa. Juzi limeingia semi linatoa moshi mweusi, nguvu hakuna. Mwenzetu mmoja akasema pampu hiyo, tuishushe. Kijana aliyepita chuo cha ufundi cha VETA akakataa: moshi mweusi ni mafuta kuzidi hewa, tuanze na hewa. Akafungua filta, safi. Akamwomba dereva apige resi, akapitisha kiganja kwenye mpira wa turbo. Umechanika chini ya klipu, mahali macho hayafiki. Utingo hakuwahi hata kumaliza ugali wake, safari ikaendelea.

Kiganja hicho hicho usikipeleke kwenye bomba la mafuta. Kwenye injini za siku hizi mgandamizo wa mafuta unapita bar 1,600. Likivuja kwa tundu dogo tu, dizeli inatoboa ngozi, na mtu anaweza kukatwa kidole. Uvujaji tunautafuta kwa kipande cha boksi. Halafu kuna kompyuta: itakuonyesha hitilafu iko kwenye sensa fulani, lakini kama sensa imekufa au ni waya umekatika, hilo utalitafuta mwenyewe kwa mita na mchoro. Mchoro unasomwa.

Nasi mafundi wakubwa tusijitoe lawamani. Kuna gereji kijana anaosha pistoni mwaka mzima, na siku ya kupanga valvu fundi anampa mgongo, eti asije akamwibia ujuzi. (Kisha tunalalamika vijana wanakimbilia bodaboda.)

Dizeli inalipa, maana lori likilala barabarani tajiri halali. Lakini inamlipa anayejua. Mleteni mtoto anayefungua redio kutaka kujua kwa nini imenyamaza, wa kike au wa kiume, na akipata nafasi aanzie chuoni. Na wewe mzazi, kabla hujaniachia mwanao, dai makubaliano ya maandishi: atafundishwa nini, kwa muda gani, na chakula cha mchana kinatoka kwa nani.