Kamera ya Bei Chee Yapimwa Kwihara

Kwenye boksi wameandika megapikseli 48, zumu mara 16. Bei: shilingi 80,000 pale Kariakoo, baada ya kuvutana sana na muuzaji. Msomaji wangu, ukiona namba kubwa na bei ndogo zimekaa boksi moja, jiulize mara mbili. Lakini wengi mmevitamani hivi vikamera, hasa nyie wapenzi mliochoka kutoka matembezini halafu simu ndiyo inapata muda wote. Basi mwezi huu mimi na mwenzangu tulizifungia simu begini, tukaenda kuipima kamera Kwihara, kilomita chache nje ya Tabora mjini.

Kwa nini Kwihara? Tembe la Livingstone, ambalo lilijengwa upya na sasa ni makumbusho, ni mtihani mzuri kwa kamera: nje jua kali la Unyamwezi, ndani kigiza. Stanley alikaa Kwihara mwaka 1871, akarudi na Livingstone mwanzoni mwa 1872, na mzee akabaki hapo hadi Agosti akisubiri wapagazi kutoka pwani. Mkutano wao wa Ujiji hauna picha ya kamera hata moja. Ile mliyoiona vitabuni ni mchoro. Na Wanyamwezi waliobeba mizigo ya misafara yote ile? Wengi wao hata sura hatuzijui.

Haya, nje. Ukiwa hatua tatu kutoka kwa mtu, jua likiwa mgongoni kwa mpigaji, picha inatoka safi: ukuta mwekundu ni mwekundu kweli, kitenge hakijapauka. Ila mweke mwenzako mbele ya anga jeupe uone! Kamera inafuata mwanga wa anga, uso unabaki giza, huoni jicho wala pua. Sisi wenye ngozi nyeusi tunaonewa sana na kamera za namna hii. Dawa yake ni kivuli cha mwembe, uso ukielekea kwenye mwanga. Na msiisogelee mno, maana lenzi haisogei. Chini ya kama mita moja kila kitu ni ukungu. Selfi ya mashavu kugusana, sahau.

Ndani ndiko inakoumbuka. Kile boksi linachokiita flashi ni kitaa cha LED tu, hakifiki ukuta wa pili. Picha zimejaa chengachenga, na mkono ukitikisika kidogo, kwisha habari. Kama unainunua kwa ajili ya sendofu au ukumbi usiku, achana nayo kabisa. Siku hiyo hairudiwi.

Turudi kwenye ile 48. Tulipiga mlango uleule kwa 48, kisha kwa 8, tukakuza nakshi za mbao. Hamna tofauti, ila ya 48 inajaza memori kadi haraka (ambayo nayo unanunua mwenyewe). Kihisi cha ndani ni kidogo, programu inaitanua picha kama siagi ya kijiko kimoja kwenye mkate mzima. Zumu nayo ni hivyohivyo: inakata katikati na kutanua. Tembea kwa miguu, ndiyo zumu ya bure.

Betri ilituvusha nusu siku. Ukiichomoa, saa inasahau, picha zetu zikaandikwa 2019. Hapo nikacheka, maana hata Livingstone alipoteza hesabu ya siku huko porini, ndiyo maana tarehe yake ya kukutana na Stanley hailingani na ya Stanley mwenyewe. Wewe rekebisha tarehe kwanza ndipo upige.

Jirani na tembe tulimpiga bibi mmoja chini ya mwembe, kwa ruhusa yake. Akajitazama kwenye kioo kidogo cha nyuma, akasema picha yake nyingine ni ile ya kadi ya kura tu. Tulipoisafisha studio mjini, kwa ukubwa wa postikadi ilitoka bomba, hadi maua ya kanga unayahesabu. Tukajaribu A4, ikaanza kuvunjika.

Kwa matembezi ya mchana, mnunue. Kwa mengine, fungueni simu. Nakala ya bibi ilipelekwa na dereva wa bodaboda jioni ileile.