Printa Inalindwa na Nani? Wakuu wa Ofisi za Dilala Wajibu

DILALA, KOLWEZI – Hapa Dilala karatasi ndiyo haki ya mtu. Mfanyakazi wa mgodi asiye na karatasi ya mshahara, mama asiye na cheti cha kuzaliwa cha mtoto, mwenye kiwanja asiye na hati: wote hurudishwa mlangoni. Karatasi hizo hutoka kwenye printa, na printa hiyo imeunganishwa na kompyuta zenye majina ya watu wote. Hata hivyo, wakuu wengi wa ofisi huiona kama sanduku la wino tu.

Mwaka 2023 ulionyesha hatari ya mawazo hayo. PaperCut, kampuni ya Australia, hutengeneza programu ya kusimamia printa zote za ofisi kwa pamoja: nani amechapisha, kurasa ngapi, nani alipe. Programu hiyo ilikuwa na kosa. Ukurasa mmoja wa kumalizia usakinishaji uliachwa wazi. Aliyeufikia kwa njia ya mtandao aliingia kama msimamizi bila neno la siri, kisha akaweza kuiamuru kompyuta afanyiwe alitakalo. Uzito wa kosa hilo ulipimwa kuwa 9.8 kati ya 10.

Aibu yenyewe iko kwenye tarehe. Marekebisho yalitolewa tarehe 8 Machi 2023. Wezi walianza kuingia katikati ya Aprili, zaidi ya mwezi mmoja baadaye. Tarehe 11 Mei, FBI ya Marekani ilitangaza kwamba kundi la Bl00dy lilikuwa likishambulia shule, likiiba data na kufunga mafaili ili lidai pesa. Walioingiliwa ni wale ambao hawakuwa wameweka marekebisho.

Atakayesema ofisi yake haina PaperCut asijifariji. Mwaka 2021 kosa kubwa liligunduliwa katika sehemu ya Windows inayoendesha uchapishaji. Julai mwaka huo Microsoft ililazimika kutoa marekebisho ya dharura, hata kwa Windows 7 ambayo huduma yake ya kawaida ilikwisha Januari 2020. Windows iko karibu kila meza. Na mwenye nakala ya wizi isiyopokea marekebisho amelala mlango wazi.

Wengine watasema umeme wa SNEL unakatika na megabaiti ni ghali. Ni kweli, lakini si sababu ya kukaa mikono mitupu. Faili la marekebisho hupakuliwa mara moja, likapelekwa kwenye mashine nyingine kwa flashi. Kufunga milango 9191 na 9192, ambayo PaperCut huitumia kwa usimamizi, isifikiwe kutoka nje, ni kazi ya fundi mmoja.

Kinshasa ilitia saini Kanuni ya Dijitali tarehe 13 Machi 2023, siku tano tu baada ya marekebisho ya PaperCut. Lakini sheria haisakinishi programu. Kila mkuu wa ofisi ataje jina la anayehusika, orodha ya mashine zake, na tarehe ya mara ya mwisho ziliporekebishwa. Asiyeweza kutaja hayo matatu asisaini ununuzi wa printa nyingine. Siku mafaili yatakapofungwa, mkuu ataandika ripoti; mama wa Dilala ndiye atakayeanza upya kutafuta cheti cha mtoto wake.