Serikali Mtandao na Utu wa Mwananchi

Mwaka 1974, enzi za Ujamaa, Serikali yetu ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini bila kibali maalumu. Leo, chini ya Sheria ya Serikali Mtandao ya 2019, huduma nyingi za umma huombwa kwa mtandao. Estonia nayo, iliyojitoa katika Umoja wa Kisovyeti mwaka 1991, ilipita njia hiyo. Ila huko raia aweza kuona ni nani aliyefungua taarifa zake.

Tunashukuru: malipo yenye kumbukumbu huibana rushwa. Hata hivyo, hapa Mwenge tunawaona wazee wakijaziwa fomu steshenari na kijana wasiyemjua, wakimkabidhi hata nywila zao. Marufuku ya jana na ulazima wa leo vyafanana kwa jambo moja: mnyonge hakuulizwa.

Mafundisho Jamii ya Kanisa yanatukumbusha kuwa mifumo ipo kwa ajili ya mtu. Kanuni ya auni yaitaka ngazi ya juu iisaidie ya chini, si kuielemea. Tunaiomba Serikali ibakize dirisha lenye mtumishi wa kumsikiliza mzee. Nasi katika Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo, vijana wetu wawasaidie wazee hao bure, kwa uaminifu.