Ufunguo wa Darasa, Kengele ya Mwisho Ikishalia

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Nchi, Ofisi ya Rais, Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa

YAH: KLABU ZA VIJANA BAADA YA MASOMO KATIKA SHULE ZA SEKONDARI ZA KATA

Mheshimiwa Waziri,

Mimi ni mwalimu mstaafu wa historia na uraia. Nimefundisha shule za kata mkoani Tanga, na miaka kumi na mmoja ya mwisho nilikuwa mlezi wa klabu ya vijana iliyokutana Jumanne na Alhamisi baada ya masomo. Nakuandikia kwa sababu ya ufunguo.

Ulikuwa ufunguo wa darasa la Kidato cha Pili B, na kwa muda mrefu niliushika mimi. Nilifungua mlango, nikatangaza mada, nikazungumza mpaka muda ukaisha, na wanafunzi wakaandika kama walivyoandika asubuhi. Siku moja malaria ikanilaza. Nikamtumia ufunguo binti mmoja wa kidato hicho, ambaye sikumbuki kama aliwahi kunyoosha kidole kwenye kipindi changu. Nilimwagiza afungue, wenzake wakae, saa kumi na moja afunge. Wiki iliyofuata nikakuta daftari mezani. Humo mlikuwa na mahudhurio, ajenda tatu, jina la aliyechelewa na sababu yake, na uamuzi kwamba michango yao ya shilingi mia mia iwe na mtu wa kuitunza na mwingine wa kumkagua. Binti yule alikuwa ameongoza kikao chenye akidi, na muhtasari akauandika mwenyewe. Ufunguo sikuudai tena.

Sauti ile ilikuwa wapi asubuhi? Mtoto wa shule zetu husoma msingi kwa Kiswahili, kisha Kidato cha Kwanza kinampokea kwa Kiingereza. Anaulizwa habari za mvua anazozijua tangu akiwa shambani na mama yake, lakini maneno ya kujibia hana. Akikosea, wenzake wanacheka. Akikosea tena, ananyamaza, na ukimya ule unamzoea hadi walimu tunauandika kwenye ripoti kuwa ni upole. Mjadala wa lugha ya kufundishia una wizara yake, siuingilii hapa. Nasema tu kwamba saa ile ya klabu, kwa watoto wengi niliowalea, ilikuwa saa pekee ndani ya uzio wa shule ambapo walibishana kwa lugha wanayoiota, wakashindwa kwa hoja, wakarudi Alhamisi na hoja nzuri zaidi. Na nimewaona wakiupeleka ujasiri huo darasani. Aliyekwisha kusimama mbele ya wenzake arobaini kutetea matumizi ya shilingi elfu tatu haogopi tena kusimama mbele ya ubao, hata sarufi ikimpiga chenga.

Wazazi hawakuipenda klabu mwanzoni, na walikuwa na haki. Baba mmoja alinifuata nyumbani akaniuliza nani atamchotea mkewe maji kama binti anabaki shuleni. Sikuwa na jibu. Niliipeleka hoja yake kwenye kikao, na watoto ndio walioitatua: wasichana wanaochota maji wakutane mapema na kuondoka mapema, wanaokaa mbali watembee kwa makundi, kila mtu awe kwao kabla ya magharibi. Kisha wakachagua wawili, mvulana na msichana, waende kwa yule baba kumweleza. Nilikaa kando ya mkeka nikisikiliza. Walianza kwa shikamoo, wakaomba radhi kwa usumbufu, wakaeleza mpango wao, wakanyamaza wamsikie. Baba alikubali. Miaka yangu yote ya kufundisha uraia sikuwahi kuwa na somo lililofikia lile.

Haya hayakuanzia kwetu Muheza. Mwaka 1991, hapa hapa nchini, jijini Dar es Salaam, wanafunzi 12 wa sekondari walikutana nyumbani kwa mtafiti wa sokwe, Jane Goodall, wakiwa na wasiwasi wao kuhusu mazingira, na kikundi kile kikazaa Roots & Shoots, ambayo leo ina wanachama katika nchi nyingi duniani. Kwa majirani zetu, chama cha michezo cha vijana wa Mathare, Nairobi, MYSA, kilianza 1987. Pale timu hupata pointi za ligi kwa kufagia mitaro na kuzoa taka za mtaani, na vijana wenyewe huchezesha mechi na kukaa kwenye kamati zinazoamua mambo. Mathare United, timu iliyotoka humo, ilikuwa bingwa wa Kenya mwaka 2008. Ubingwa ule ni jambo kubwa, ila mimi humwazia zaidi kijana wa miaka kumi na minne anayepuliza filimbi, anatoa kadi, na watu wazima waliozunguka uwanja wanalazimika kumtii.

Sasa shida yetu. Kila mtihani wa Kidato cha Pili na cha Nne ukikaribia, masomo ya ziada huimeza saa ya klabu, na ukipita saa hairudi. Siwalaumu wakuu wa shule. Wanapimwa kwa ufaulu. Mlezi naye anaifanya kazi hii juu ya vipindi vyake vyote, wala haihesabiwi popote. Upande wa fedha, halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo, na 4 kati ya hizo ni za vijana. Lakini kijana wa mikopo ni aliyetimiza miaka 18. Wa miaka kumi na minne, anayejifunza kutunza daftari la fedha leo ili kesho akopesheke, hamo. Sheria ya Mtoto ya 2009 inampa haki ya kutoa maoni yake. Ninachomwombea ni chumba cha kuyatolea.

Naomba waraka mmoja, Mheshimiwa. Useme kwamba siku mbili kwa wiki, saa mbili baada ya masomo, ni za klabu, na hata mwezi wa mitihani zisiguswe. Useme kwamba kazi ya mlezi ihesabiwe katika mzigo wake wa vipindi. Uzitake halmashauri zitenge fungu dogo la madaftari, mipira na chaki, na taarifa ya matumizi isomwe na wanafunzi wenyewe mbele ya bodi ya shule. Na ufunguo akae nao mwanafunzi. Kuna siku kiti kitavunjika, na kikao kingine kitaishia kwa ugomvi; niliyaona yote mawili, na wao ndio waliokitengeneza kiti na kupatanisha waliogombana.

Daftari lile la kwanza ninalo hadi leo. Ukipita Muheza nitakuonyesha. Ukurasa wa mwisho una hoja iliyoandikwa kwa wino mwekundu, ambayo mimi sikuwa na mamlaka ya kuijibu: shule ikifungwa likizo ya Juni, nani atatufungulia mlango?

Wako katika ujenzi wa Taifa,

Mwalimu mstaafu, Muheza