Gari Lifike, na Likikwama Livutwe: Risala ya Madereva na Mafundi Wastaafu kwa Kamati ya Bunge ya Usalama



Sisi tuliotia saini risala hii ni madereva na mafundi wastaafu wa polisi, pamoja na wajane wa wenzetu. Tulifanya kazi Lamu, Garissa na Mandera. Barabara za huko ndizo zilizotutwalia wenzetu mfululizo katika miezi ya Mei na Juni 2017, na Juni 2023 kilipuzi kimoja kikaua askari 8 huko Garissa. Kila bajeti ya magari ya deraya inapofika mezani, tunasikia ubishi ule ule: hawa wanataka magari mepesi ya bei nafuu ili yawe mengi, wale wanataka mazito ya kisasa hata yakiwa machache. Tulioyaendesha na kuyatengeneza hatujaulizwa.

Tuanze na gari la bei nafuu, maana ndilo lililotuua kwanza. Ni gari la kawaida la doria lililovalishwa mabamba ya chuma milangoni na ubavuni baada ya kutoka kiwandani. Mabamba yale huzuia risasi, hilo hatulikatai. Lakini sakafu inabaki bapa, tena karibu na ardhi, na kilipuzi hutoka chini. Mlipuko ukikutana na sakafu bapa huipasua au huisukuma juu, na nguvu yote huishia kwenye miguu na uti wa mgongo wa aliyeketi. Isitoshe, springi na breki za gari lile hazikutengenezwa kwa mzigo ule. Karakana yetu iliishiwa springi za nyuma, tukawa tunazing'oa kwenye magari mabovu yaliyoegeshwa nyuma ya stoo. Dereva alikuwa akikanyaga breki kwenye mteremko huku akimwomba Mungu.

Kwa hiyo atakayewaambia kwamba unafuu wa namna ile ni akiba, mwambieni aje azungumze na wajane waliotia saini hapa.

Hata hivyo wepesi wenyewe hauna kosa. Afrika Kusini ilitengeneza Casspir mwishoni mwa miaka ya 1970. Gari lile lilitumika kuwakandamiza watu Namibia na katika vitongoji vya Waafrika, na hatulisifu kwa hilo. Ila ufundi wake unafundisha. Lina uzito wa tani 11 hivi, limeinuka juu, na tumbo lake limechongwa mfano wa mashua ili mlipuko ugawanyike kulia na kushoto. Bomu la ardhini lilirusha gurudumu na ekseli, watu ndani wakabaki hai, fundi akafunga gurudumu jingine. Injini yake ilikuwa ya Mercedes, ya aina iliyokuwa kwenye malori ya mizigo, hivyo spea haikuwa ya kutafutwa ng'ambo ya dunia. Mamba, ndugu yake mdogo, katika toleo lake la pili lilitumia mitambo ya Unimog. Majirani zetu Waganda wameyatumia yote mawili Somalia kwa miaka mingi.

Sasa magari mazito. Tunakiri yana kinga kubwa. Kwenye lami, kusindikiza msafara, au kulinda lango la kambi, tungeyapanda bila kusita. Taabu ni kwamba adui wetu hakai kwenye lami. Ukiacha barabara kuu kuingia upande wa Ijara au msitu wa Boni baada ya mvua, udongo mweusi hushika tairi kama ulimbo. Gari la tani 15 huanza kuzama gurudumu la nyuma upande mmoja. Dereva akiongeza mafuta ndipo linapozidi kujichimbia, hadi ekseli ikalala juu ya tope. Hapo askari hawana budi kushuka. Wawili wanakata matawi ya kutia chini ya tairi, wengine wanalinda, na chuma chote kile kilicholipiwa mamilioni hakimkingi hata mmoja wao. Tumewapoteza wenzetu namna hiyo, wakiwa wamesimama nje ya gari lisiloharibika hata kioo.

Haya hayakuishia kwetu. Tarehe 25 Machi 2025, mkoani Artibonite, Haiti, gari la deraya la polisi wa nchi hiyo lilinasa katika shimo lililoshukiwa kuchimbwa na magenge makusudi. Magari mawili ya kikosi kilichoongozwa na Kenya yakatumwa kulinasua. Moja nalo likakwama, la pili likaharibika, na hapo hapo wakavamiwa. Kijana wetu mmoja hakurudi kambini. Waheshimiwa, mfikirieni mzazi anayeambiwa kwamba mwanawe alitumwa kuvuta gari kwa gari lisilotengenezwa kwa kazi ya kuvuta.

Wamarekani wenyewe walijifunza hili kwa gharama. Magari mazito waliyoyanunua kwa wingi kwa ajili ya Iraki yalikuwa yakipinduka na kushindwa njia za milimani Afghanistan, mpaka mwaka 2009 wakaagiza M-ATV, dogo na jepesi zaidi, lakini lenye tumbo la kugawanya mlipuko. Nchi tajiri kuliko zote ilirudi nyuma kwenye uzito. Kwa nini sisi tuukimbilie?

Tunadai hivi. Mabamba ya kubandika juu ya magari ya kawaida yakomeshwe katika kaunti zenye vilipuzi, na askari asilazimishwe kupanda gari la sakafu bapa kwenye barabara ambayo haijakaguliwa. Magari ya doria yatakayonunuliwa yawe ya tani 9 hadi 12, yenye tumbo la pembe na viti vilivyoning'inizwa ili visipokee mshtuko wa sakafu, na mitambo yake iwe ile ambayo fundi wa Mombasa au Garissa anaijua. Majaribio yafanyike Ijara wakati wa masika, mbele ya madereva, kabla ya mkataba kutiwa saini. Uwanja mkavu wa maonyesho hautuambii kitu.

Tunadai pia bei itajwe yote. Jeshi lilipoagiza magari 118 ya deraya aina ya Hizir kutoka Uturuki, umma uliambiwa ni takriban dola milioni 91, zaidi ya dola 770,000 kwa gari moja ukigawa. Kwa magari ya polisi tunataka tuambiwe na tairi ni kiasi gani, spea za miaka 10 ni kiasi gani, na nani atamfundisha fundi.

La mwisho, na kwetu ndilo zito kuliko yote: kila kambi yenye magari ya deraya ipewe lori la kuvutia lenye winchi na deraya yake, pamoja na wahudumu waliofunzwa. Bila lori hilo, msafara usitoke langoni, na afisa atakayeutoa awajibike kwa jina lake. Tunaomba jibu la maandishi kabla ya bajeti ijayo kusomwa.