Mpiga ngoma apewe chake

Ukimtaja Travis Barker mbele ya vijana wa Mombasa leo, wengi watamjua kwa michoro iliyojaa mwilini, au kwa kuoa katika ukoo wa Kardashian mwaka 2022. Mimi huwarudisha nyuma hadi Machi 2011. Mwezi huo mpiga ngoma huyu wa Blink-182, bendi ya punk rock ya California, alitoa albamu yake ya kwanza ya peke yake, Give the Drummer Some, na karibu yote akaijaza hip hop.

Hakuzuka tu. Tangu 2002 alikuwa na kundi la Transplants, lililochanganya punk na rap. Kisha ikaja ajali. Usiku wa Septemba 19, 2008, ndege ndogo aliyopanda ilianguka ikijaribu kuruka kutoka Columbia, South Carolina. Watu wanne walifariki. Walionusurika ni wawili: yeye, akiwa na majeraha makubwa ya moto, na rafiki yake DJ AM, ambaye naye alifariki mwaka uliofuata. Mtu aliyetoka huko angeweza kukaa nyumbani akala alichovuna, na hakuna ambaye angemlaumu.

Ninachompendea ni kwamba hakunyakua maikrofoni. Mwanaroki akitamani hip hop mara nyingi hujitia kurapu, aibu tukaibeba sisi wasikilizaji. Barker alibaki kwenye kiti chake cha nyuma, akawaachia wenyewe waseme: Lil Wayne, Rick Ross, Busta Rhymes, Snoop Dogg. Wimbo wa "Carry It", wenye RZA na Raekwon wa Wu-Tang Clan pamoja na gitaa la Tom Morello, ndio wenye uzito kwangu. Kasoro ipo: wageni wamezidi. Ni kama arusi ambayo watu wanatawanyika na hujamwona bwana arusi.

Lakini hilo jina la albamu, wallahi, ndilo linalonikera kila nikilisoma. Ni maneno ya James Brown, aliyekuwa akiwaamrisha wapigaji wake wampishe mpiga ngoma naye asikike. Novemba 1969, mjini Cincinnati, mpiga ngoma wake Clyde Stubblefield alipiga kwenye "Funky Drummer". Ndani ya wimbo huo kuna sekunde chache ambapo ala nyingine zinanyamaza, ngoma inabaki peke yake. Miaka ya themanini, mashine za kukata na kurudia sauti zilipoenea, watayarishaji wa hip hop walizichukua sekunde hizo na kujengea juu yake. Public Enemy walizitumia, na N.W.A, na LL Cool J, na wengine kwa mamia.

Stubblefield alipata nini? Mtunzi aliyeandikwa ni James Brown peke yake. Mpiga ngoma alikuwa mtu wa mshahara, na mirabaha haikumfuata. Alifariki Februari 2017 huko Madison, Wisconsin, akiwa na miaka 73.

Kwa hivyo mwaka 2011 mpiga ngoma mmoja, Mzungu, aliyekwisha kutajirika kwa punk, aliingia katika nyumba ya hip hop jina lake likiwa kwenye jalada, na kampuni kubwa ya Interscope nyuma yake. Aliyemwaga zege la msingi wa nyumba hiyo alikuwa bado hai, hana hisa. Simlaumu Barker, kazi yake aliifanya kwa mikono yake mwenyewe na wenzake akawataja. Tatizo ni hesabu ya biashara hii, inayomwona mwenye maneno na mwenye tuni kuwa ndio wenye mali, na mwenye mapigo kuwa kibarua.

Hesabu hiyo tunayo na sisi. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001 inamtambua pia mpigaji ala, sio mtunzi peke yake. Lakini haki haidaiwi na asiyejulikana, na vijana wetu sasa wanakata vipande vya taarab ya kale kwenye kompyuta na kuvirapia. Mimi nina kanda nyingi za zamani za Mombasa nyumbani. Jina la mwimbaji limeandikwa, pengine na la duka lililoziuza. Aliyepiga dumbaki hayumo.